Uzamivu katika teknolojia ya lugha ulipwe kama kazi

Mhariri,

Wanaoandika kuhusu akili mnemba hurudia, na wana haki, kwamba Kiswahili kinahitaji wataalamu wake wa uchakataji wa lugha asilia, yaani kuifundisha kompyuta kuchambua lugha za binadamu. Lisilosemwa ni nani atakayewalisha wataalamu hao katika miaka ya kusomea shahada ya uzamivu.

Katika vyuo vyetu vingi, tangazo la ufadhili maana yake ni ada kulipwa, na pengine fedha kidogo za ukusanyaji wa data. Pango, chakula na karo za watoto humwangukia mtahiniwa mwenyewe, ambaye aghalabu ni mhadhiri msaidizi mwenye vipindi tele darasani, na utafiti wake hufanyika usiku. Nchini Sweden mtafiti wa uzamivu huajiriwa na chuo, halipi ada, hupokea mshahara kwa muda unaolingana na miaka minne ya masomo, na kazi za kufundisha haziruhusiwi kuzidi sehemu ya tano ya muda wake. Ujerumani nako wengi hupewa mkataba wenye ngazi ya mshahara na bima.

Najua nitaambiwa kwamba vijana wetu waombe huko huko. Waombe, tena kwa wingi. Hata hivyo, mlango huo ni mwembamba: Uingereza, kwa mfano, ambako Chuo Kikuu cha Edinburgh kilianzisha mwaka 2019 kituo cha mafunzo ya uzamivu ya miaka minne katika fani hii, wafadhili wa umma wameweka kikomo cha asilimia 30 kwa wanafunzi wa kigeni. Isitoshe, maabara inayolipa ndiyo huchagua swali la utafiti. Wafini wametutangulia kwa programu ya kuchanganua Kiswahili iliyoanza Helsinki katika miaka ya 1980, na tunawashukuru; lakini sioni kwa nini mtu wa Helsinki ajishughulishe na lugha ya hukumu za Mahakama ya Mwanzo, Kiswahili cha Lubumbashi, au mazungumzo ya mgonjwa na muuguzi zahanati.

Maswali hayo hayajibiwi kwa saa za ziada. Kitenzi kimoja kama “hawakutusomeshea” kimebeba ukanushi, mtenda, wakati, mtendewa na viambishi viwili vya kauli, na anayeifundisha kompyuta kukichambua hana budi kuijua sarufi na programu kwa pamoja. Mwaka 2021 Masakhane, jumuiya ya watafiti wa teknolojia ya lugha za Afrika, ilitoa data ya majina ya watu, mahali na mashirika katika matini za habari kwa lugha kumi za Afrika, zikiwemo Kiswahili, Kinyarwanda, Kiganda na Kijaluo, na kazi ya kuyatia alama majina hayo ilifanywa na wanajumuiya waliojitolea. Ni jambo la kusifiwa, ila moyo wa kujitolea haumfikishi mtu kwenye tasnifu.

Ombi langu kwa Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania (COSTECH), kwa Mfuko wa Taifa wa Utafiti wa Kenya na kwa vyuo vyenyewe ni kwamba kila nafasi ya uzamivu katika fani hii itangazwe pamoja na kiwango cha malipo ya mwezi, muda wake, kikomo cha saa za kufundisha na fungu la gharama za kompyuta, na kila mtahiniwa apewe wasimamizi wawili, mmoja kutoka idara ya Kiswahili na mwingine kutoka idara ya kompyuta.

Msomaji wako,
Morogoro