Shukrani kwa nahodha wa Kizimkazi, Unguja, asiyetaka kutajwa

Nahodha, jina umelikataza, basi shukrani zipokee hivyo hivyo.

Ulipouona moshi wa pumzi ya nyangumi, mama na mtoto wake, ulipunguza mashine mapema, tungali mbali. Hukuwakabili kwa mbele wala kuwaandama mkiani. Ulikwenda ubavuni, sambamba nao, kwa mwendo wa mtoto. Zilipobaki kama mita 100 ukaitoa gia, lakini mashine hukuizima: mkondo ukiisukuma boti kwao, lazima uweze kujitoa. Na nyangumi akikusikia anajua ulipo.

Kosa la wengi ni kupita kati ya mama na mtoto. Mtoto wa nyangumi mwenye nundu huzaliwa na urefu wa mita 4 hivi, na huibuka kupumua mara nyingi kuliko mama yake. Ukimwona peke yake juu, mama kwa kawaida yuko chini, karibu tu. Wanaodhani ametelekezwa humkimbilia, mama akamwondoa, kunyonya kukakatika. Na mama huyo huku kwetu hali kitu, au hula kidogo mno. Maziwa yote yanatoka kwenye mafuta aliyojiwekea bahari baridi za kusini, upande wa Antaktika. Kila mbio anazokimbizwa zinakula akiba hiyo.

Ahsante pia kwa kukataa watu wasijirushe majini (pomboo wa hapo Kizimkazi wameshasumbuliwa vya kutosha na wanaojirusha hivyo), na kwa kuondoka baada ya nusu saa, pole pole, japo abiria walikuwa bado wananyanyua simu.