Barua kwa Rehema, kabla hajakaa darasani na marubani

Kipawa, Dar es Salaam

Mpendwa Rehema,

Barua yako nimeipata na imenifurahisha, hasa habari ya mama kwamba mguu umepoa na ameanza tena kwenda shambani. Mpe shikamoo yangu.

Umeniuliza jambo moja, nami nataka nilijibu kwa kirefu. Unasema katika mafunzo yako ya uhudumu wa ndege, yale ya milango, ya moto na ya huduma ya kwanza unaona faida yake, ila hii CRM (mafunzo ya wafanyakazi wa ndege kufanya kazi pamoja) ya wiki ijayo, ya kukaa darasa moja na marubani mkizungumzia ushirikiano, unaiona ni semina ya kujaza ratiba. "Kazi yao iko mbele, yangu iko nyuma," umeandika. Rehema, hapo sikubaliani nawe hata kidogo.

Tarehe 8 Januari 1989, Boeing 737-400 ya British Midland ilitoka London kwenda Belfast. Ikiwa bado inapanda, panga moja la feni ya injini ya kushoto likakatika. Ndege ikatetemeka, harufu ya moshi ikaingia ndani. Marubani wakaamua mbovu ni injini ya kulia, wakaipunguza nguvu, kisha wakaizima. Mtetemo nao ukapungua wakati huohuo, wakaamini wamepatia. Rubani mkuu akawatangazia abiria kwamba injini ya kulia ilileta hitilafu na sasa imezimwa. Lakini abiria wengi waliokaa nyuma, na baadhi ya wahudumu, walikuwa wameuona moto kwa macho yao, upande wa kushoto! Abiria waliposikia "kulia" walishangaa, wakanyamaza. Wahudumu walikuwa katika pilikapilika, neno lenyewe likawapita. Ndege ilipokaribia kutua uwanja wa East Midlands, injini ya kushoto ikafa, nayo ndiyo iliyokuwa imebaki. Wakaanguka kwenye tuta la barabara kuu ya M1, karibu na kijiji cha Kegworth. Walikuwemo watu 126, wakafa 47.

Fikiria tu: mbele kule, injini za 737 hazionekani dirishani. Jibu la swali la marubani lilikuwa nyuma, kwa watu waliodhani mbele wanalijua tayari.

Miezi miwili baadaye, 10 Machi, ikawa Dryden, Kanada. Fokker F28 ya Air Ontario ilisimama pale theluji ikidondoka. Jenereta yake ndogo ya akiba ilikuwa mbovu, na uwanjani hapakuwa na mtambo wa kuwashia injini, kwa hiyo injini moja ikaachwa inaunguruma. Na injini ikiwa inaunguruma, mabawa hayakuweza kunyunyiziwa dawa ya kuyeyusha barafu. Wakaruka hivyohivyo, ndege ikashindwa kupanda, ikaangukia msituni. Watu 24 walikufa. Mhudumu mmoja aliyepona aliieleza tume ya uchunguzi kwamba theluji mabawani aliiona. Hakumwambia rubani, kwa sababu wahudumu walizoeshwa kwamba mambo ya urushaji si yao. Isitoshe, kati ya abiria walikuwemo marubani wawili waliokuwa mapumzikoni, akaona kama kungekuwa na hatari wao wangesema. Nao hawakusema. Habari hii ndiyo inayoniuma kuliko zote, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na mtu wa kumwachia.

Wewe na mimi tumelelewa kumwamkia mkubwa na kutomkatiza akizungumza. Malezi hayo ni mazuri na siyaachi. Lakini dereva wa daladala mwenye miaka thelathini barabarani, akirudi nyuma anamsikiliza konda aliyeanza juzi, na konda akipiga bati mara moja anakanyaga breki kwanza, maswali baadaye. Hakuna anayesema konda kamkosea heshima. Anaona asichokiona dereva, basi. Kapteni mpe shikamoo yake asubuhi, na ukiona kitu mwambie.

Usidhani ukimya ni ugonjwa wa wahudumu peke yetu. Mafunzo haya yalianzia kwa marubani wenyewe. Desemba 1978, ndege DC-8 ya shirika la United la Marekani iliishiwa mafuta karibu na Portland, Oregon, baada ya kuzunguka angani karibu saa nzima kapteni akihangaika na magurudumu. Wenzake wawili mle ndani walijua mafuta yanapungua, wakayataja kwa upole mno, ujumbe haukumwingia. Watu 10 walikufa. Mwaka uliofuata NASA, shirika la anga la Marekani, ikawakutanisha wataalamu wa mashirika ya ndege kulijadili jambo hilo, na kufikia 1981 United ilikuwa inawafundisha marubani wake. Karibu na kwetu, ndege ya Kenya Airways ilianguka Douala usiku wa 5 Mei 2007, chini ya dakika mbili baada ya kuruka, na watu wote 114 wakapotea. Wachunguzi wa Kameruni waliandika kwamba marubani wawili walipoteza mwelekeo gizani na hawakushirikiana inavyotakiwa.

Na sasa nikupe ile ninayoipenda. Julai 1989, mwaka uleule, DC-10 ya United ilipasuka injini ya mkiani, mifumo yote mitatu ya haidroliki, inayosogeza usukani, ikafa. Usukani haukushika tena. Kwenye daraja la kwanza alikuwepo Denny Fitch, mkufunzi wa marubani wa DC-10, akisafiri kama abiria. Alimwomba mhudumu apeleke ujumbe mbele kwamba yupo kama anahitajika. Mhudumu akaupeleka, na Kapteni Al Haynes, ambaye angeweza kabisa kusema "niacheni", akasema aje. Fitch akashika mikono ya kuongezea na kupunguzia nguvu za injini mbili zilizobaki, wakaielekeza ndege kwa nguvu za injini tu hadi Sioux City. Ilivunjikavunjika ilipogusa ardhi, wakafa 112. Lakini watu 184 walitoka hai kwenye ndege ambayo haikuwa na usukani. Haynes mwenyewe maisha yake yote aliyashukuru mafunzo haya unayoyaita ya kujaza ratiba.

Basi ukikaa darasani, shika haya. Ukipiga simu mbele, sema ulichokiona, wapi, na tangu lini. Usianze na "samahani Kapteni, sijui kama ni muhimu". Kuwa mwangalifu sana na kushoto na kulia: viti vyetu vingi vinatazama nyuma, kwa hiyo mkono wako wa kulia ni upande wa kushoto wa ndege. Kapteni akikupa taarifa ya dharura, hakikisha umepata mambo manne: tatizo ni nini, tunafanya nini, tuna dakika ngapi, na kuna maelekezo gani ya ziada. Mrudilie yote kwa sauti kabla hujakata. Na ile kanuni ya kutowasumbua ndege ikiwa chini ya futi 10,000 ni ya chai na mazungumzo, moto haumo.

Wakikupangia zoezi la kumpinga kapteni, kubali uwe wewe. Tafuta rubani mkubwa kuliko wote darasani ufanye naye. Uliza kwanza, akikupuuza mwambie hatari waziwazi, akikupuuza tena taja unachotaka afanye. Utasikia ulimi mzito mara ya kwanza, na ni afadhali uwe mzito hapo.

Jumamosi nipo nyumbani kuanzia mchana. Nipigie unieleze ilikuwaje, na uniambie kama marubani walisema chochote au walikaa kimya nyuma ya simu zao.

Wako,
Mwanaidi