Kodi ya miezi sita ndo inatupeleka kwa kausha damu

Mhariri,

Naomba nafasi niongelee kodi ya nyumba, maana kila siku tunasoma habari za dola, mafuta na reli ya umeme, na zote ni muhimu sikatai, ila kinachomkosesha usingizi mpangaji wa hapa Dodoma ni kuambiwa alete miezi sita kwa mkupuo, na siku hizi kuna wanaotaka mwaka mzima.

Mimi ni mama lishe, nauza upande wa Ihumwa, wateja wangu wengi ni boda na mafundi wanaojenga huko Mtumba. Hakuna hata mmoja anayeshika hela ya miezi sita kwa wakati mmoja. Boda akishampelekea bosi hesabu yake ndo anajua kabaki na nini, saidia fundi analipwa kwa siku na simenti isipofika siku hiyo hana kitu, ananiambia mama niandikie nitakulipa kesho. Mtumishi ndo angalau ana uhakika wa mwisho wa mwezi. Yaani hela inaingia kwa siku au kwa mwezi alafu gharama kubwa kuliko zote inadaiwa kwa nusu mwaka, we fikiria hiyo hesabu inakaaje.

Na hapo sijamtaja dalali. Dalali anataka kodi ya mwezi mmoja iwe yake, na kabla hajakuonyesha chumba chochote unatoa hela ya usumbufu, mnazungushwa Nkuhungu, Chang'ombe, Ipagala, mwisho mnaonyeshwa chumba ambacho kilishachukuliwa juzi, na ile hela hairudi.

Tangu serikali ianze kuhamia huku 2016 na mji kupewa hadhi ya jiji 2018 vyumba vimekuwa vinagombaniwa, naelewa, watu wameongezeka. Lakini kuna mambo yanachekesha. Mei Mosi 2025 pale Singida Rais Samia alitangaza kima cha chini cha mshahara serikalini kinapanda asilimia 35.1, kutoka 370,000 kwenda 500,000 kuanzia mwezi wa saba. Jambo jema kabisa. Baba mwenye nyumba wetu alikuwa uani na redio yake, mimi naosha masufuria, nikamuona anaongeza sauti. Haikupita wiki kapita mlango kwa mlango, chumba na sebule ya 90,000 sasa ni 120,000. Nikamwambia baba, mimi si mtumishi, mshahara wangu mimi ni maharage na hakuna aliyenitangazia kupanda, akanijibu mama bei ya soko ndo hiyo, ukiona huwezi wapo wanaotaka. Miezi sita hapo ni 720,000. Niitoe wapi kwa siku moja?

Nitakwambia watu wanakoitoa, kwa kausha damu, hawa wakopeshaji wa mtaani. Unaomba laki tatu, mkononi unapewa pungufu wameshakata fomu na sijui nini, alafu marejesho kila wiki. Ukiruka moja wanapiga simu, ukiruka mbili wanakuja. Jirani yangu mmoja alikopa akamalizie kodi, ana friji anauza barafu na juisi za ubuyu, wakaja saa nne asubuhi wakaibeba na barafu zake ndani, maji yanachuruzika kuanzia mlangoni mpaka barabarani na watoto wanakimbilia nyuma. Sasa umemchukulia mtu friji ambayo ndo ilikuwa inamletea hela ya kukulipa, akulipe na nini? Benki Kuu Novemba 2024 ilitoa orodha ya programu 69 za simu za kukopesha zisizo na kibali, tukashukuru, lakini hawa wa mtaani hawana programu, wana daftari na kalamu.

Wenye nyumba nao nawasikia. Wanasema mpangaji wa mwezi kwa mwezi anahama usiku na balbu anaondoka nayo, na ni kweli wapo wa hivyo. Wanasema pia hela ya mkupuo ndo inawasaidia kupandisha banda lingine, maana wengi wao mikopo ya benki hawaipati. Sawa, lakini maana yake mimi muuza ugali ndo nimekuwa benki ya baba mwenye nyumba, tena benki isiyolipwa riba.

Na angalieni kodi ya majengo. Tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, yaani unaponunua umeme, ilianza na 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 2023 ikawa 1,500. Serikali yenyewe iliona mtu hawezi kutoa ya mwaka kwa mara moja, ikaigawa kidogo kidogo kila mwezi. Kwa hiyo mwenye nyumba deni lake la serikali linalipwa kwa mwezi, na anayenunua umeme ni nani? Ni sisi wapangaji! Sheria inasema tukilipa turudishiwe au tukatiwe kwenye kodi ya chumba, mimi sijawahi kuona mwenye nyumba anayekubali hilo bila kununa.

Zamani ilikuwepo sheria ya udhibiti wa pango ya 1984, ikafutwa 2005, wakasema soko lijiendeshe. Siombi irudi yote, maana serikali ikianza kupanga bei watu wataacha kujenga na vyumba vitazidi kuadimika. Naomba kitu kidogo tu, kwa vyumba vya watu wa kawaida iwe kodi ya mwezi mmoja pamoja na dhamana ya mwezi mmoja, ile dhamana ndo ya balbu na ya wanaohama usiku, na mkataba uandikwe nakala moja ibaki kwa mwenyekiti wa mtaa. Wenyeviti tuliwachagua Novemba 2024, kazi hiyo haiwashindi, mihuri wanayo.

Wabunge wetu wanakuja kwenye bajeti mwezi wa nne, na gesti za mji mzima zinajaa wageni wa Bunge, dereva, mwandishi, msaidizi wa nani sijui, wote wanalipa kwa siku. Sijasikia gesti hata moja inayomwambia mgeni atangulize miezi sita. Waheshimiwa wakimaliza vikao wapite hata mtaa mmoja wa Chang'ombe jioni, watuulize wenyewe.

Mama lishe,
Ihumwa, Dodoma