Jina la mwanangu limecheza, mwanangu hajacheza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo la michezo ya shule zetu za sekondari, hii UMISSETA, nimekaa nalo moyoni tangu mwezi wa sita na nimeona nikinyamaza mwakani atafanyiwa mtoto wa mwenzangu. Mimi ni mzazi, naishi huku mkoani Mtwara, nalima korosho na ufuta kidogo, na msimu ukiisha nauza chai na maandazi. Shule sitaitaja na wilaya sitaitaja, mwanangu bado anasoma pale na ana miaka ya kumalizia, na pia najua haya hayapo kwenye shule ile peke yake, nimeongea na wazazi wa Masasi na wa kule Nachingwea wote wanacheka kwa uchungu wanasema mama kwani wewe ulikuwa hujui.

Nazungumzia mamluki. Yaani mtu ambaye sio mwanafunzi wa shule, au alishamaliza zamani, anavalishwa jezi ya shule anacheza mashindano ya wanafunzi.

Nianze mbali kidogo ili mnielewe. 2019 mashindano ya taifa yalifanyika kwetu Mtwara, na 2021 yakarudi tena hapa hapa. Ile 2019 mwanangu alikuwa darasa la nne, nikampandisha basi tukaenda mjini kwa shangazi yake, tukashinda viwanja vya Chuo cha Ualimu siku mbili. Watoto wa nchi nzima wamejaa, rangi za mikoa yao, nyimbo zao, wengine ndo mara ya kwanza wanaona bahari. Wavulana walikuwa wanakimbilia kwenye mpira wa miguu, yeye akaganda kwenye netiboli. Mi mwenyewe nilicheza netiboli sekondari, nilikuwa GD, yaani mlinzi wa goli, kwahiyo nilikuwa namweleza huyu kazi yake hii, yule haruhusiwi kuvuka pale, ukishika mpira usikae nao zaidi ya sekunde tatu. Tulivyorudi hakulala, anauliza maswali mpaka saa tano usiku.

Baba yake hakupenda. Bibi yake ndo kabisa, anasema mtoto wa kike likizo ya mwezi wa sita ana mambo yake ya kufundishwa nyumbani, mpira wa nini. Nikapambana nao wote wawili. Nikampelekea fundi wa kuchomelea kipande cha nondo akakikunja pete, tukaifunga kwenye nguzo pembeni ya mkorosho wa nyuma ya nyumba, nikapima kwa futi ya fundi seremala mpaka ikafika mita tatu na sentimita tano kama inavyotakiwa, sio kienyeji. Akawa anarusha kila jioni akishateka maji. Huku kwetu mwezi wa tano kusi ikianza kuvuma mpira unayumba hewani, akajifunza kungoja upepo utulie kwanza kisha anaurusha kwa vidole, sio kwa kiganja. Nilikuwa namhesabia nikiwa nakanda unga. Kufika kidato cha pili akirusha kumi zinaingia nane, tisa. Hayo sisimuliwi na mtu, nimeyaona kwa macho yangu.

Mwaka huu yuko kidato cha tatu akachaguliwa timu ya shule, GA, yaani mshambuliaji, mmoja wa wanaoruhusiwa kufunga. Shule hii ina mpaka kidato cha sita kwahiyo kuwapita wale dada zao wa kidato cha tano sio mchezo. Raba nilimnunulia kwa hela ya ufuta wa mwaka jana. Mazoezi saa kumi kila siku kasoro ijumaa, na fom ikaja nyumbani, nikasaini, ina jina lake, ina picha yake, ina namba yake ya PREM, ile ya kumtambulisha mwanafunzi. Tukaambiwa kila mzazi atoe mchango wa shilingi elfu tano na mchele kilo mbili kwa ajili ya kambi ya wilaya. Nikatoa. Sina ugomvi na mchango, ruzuku ya serikali ni shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka mzima, humo humo chaki, humo humo karatasi za mitihani, humo humo mpira, mwalimu mkuu hawezi kufanya miujiza.

Siku mbili kabla ya kuondoka mwalimu akamwita. Akamwambia wewe tutakwenda nawe ila hutacheza, utakaa na timu, kuna dada mmoja atatusaidia. Mtoto akaja nyumbani akaniambia mama nimekuwa rizevu. Nikasema sawa mwanangu, rizevu nayo ni sehemu ya timu, mwaka bado upo. Sikujua.

Nikaenda kuangalia siku ya tatu, nusu fainali. Nilifika mapema nikakuta ukaguzi unaendelea, watoto wamepanga foleni saa moja asubuhi huku wengine wameshika vikombe vya uji, afisa anapita na mafaili, anaangalia fom anaangalia sura, anaangalia fom anaangalia sura. Mwanangu yupo kwenye foleni, kavaa jezi, kitambulisho cha shule kifuani. Nikafurahi jamani, nikajua leo anacheza. Afisa akamtiki akapita. Saa nne mechi inaanza, namtafuta kiwanjani simuoni. Nageuka namwona yuko nyuma ya mwembe anavua kile kifulana chenye herufi GA anampa msichana mwingine mkubwa, mtu mzima kabisa, ambaye asubuhi kwenye foleni hakuwepo.

Mwanangu akaja kukaa pembeni yangu. Kapewa ndoo ya maji ashike.

Sasa Mhariri, kulikuwa na kijana anatangaza kwa spika, ana ile karatasi ya majina mkononi. Kila yule dada akifunga, kijana anataja jina la mwanangu. Jina lote, la kwake, la baba yake na la ukoo. Watu wanapiga vigelegele. Mwanangu kainama anaangalia ndoo. Mara ya kwanza akaniangalia kidogo, baada ya hapo hakunyanyua tena uso. Nilihesabu, jina lake lilitajwa mara kumi na moja. Mi nimezaa watoto wanne na nimezika mmoja, najua maumivu yalivyo, lakini pale nilikosa hata pa kuweka mikono yangu.

Timu ikashinda, na fainali ikashinda. Ndo ikawa mbaya zaidi, maana kwa utaratibu wa UMISSETA wilaya inachagua wachezaji bora kutoka shule mbalimbali inaunda timu moja ya kwenda mkoani. Akachaguliwa yule dada, kwa jina la mwanangu. Kwahiyo kwenye makaratasi mwanangu alikwenda mkoani, wakati huo yuko nyumbani na mimi tunapepeta ufuta. Mwezi wa saba kikaja cheti. Kina jina lake, kina mhuri. Bibi yake, yule yule aliyekuwa hataki, akakishika kwa mikono miwili akasema kiwekwe kwenye fremu kitundikwe sebuleni, hajui kusoma na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumweleza. Mwanangu alikichukua akakiweka chini ya godoro. Baba yake yeye alisema neno moja tu, si nilisema.

Nilikwenda shule, sikwenda kwa fujo. Mwalimu wa michezo alinipokea vizuri na nitasema ukweli alionekana ana aibu. Akaniambia mama, kila shule inaleta mamluki, sisi tukienda na watoto wetu tupu tunapigwa nje siku ya kwanza, tukirudi bila kombe tunaulizwa hela za watu mmekula wapi. Akasema shule tuliyocheza nayo fainali walikuwa nao wawili. Inawezekana anasema kweli. Lakini nikamuuliza mwalimu, hilo kombe lililoko ofisini likiulizwa nani alilishinda mtajibu nini? Na mwanangu ambaye darasani anafundishwa uraia, anaambiwa udanganyifu kwenye mtihani ni kufutiwa matokeo, mwalimu huyo huyo amempanga foleni akamdanganye afisa kwa sura yake mwenyewe, yeye amejifunza nini pale? Hakunijibu, akaniagizia soda.

Yule dada simlaumu. Nilimtafuta nikaongea naye, alimaliza kidato cha nne, hakuendelea, mpira anaujua kweli na anaupenda, alipewa elfu ishirini na nauli. Akaniambia mama mi tangu nimalize shule sijapata timu ya kuchezea, hapa mtaani ligi zote ni za wanaume. Na ni kweli. Huku kusini tunapenda michezo, timu yetu ya Ndanda ilivyopanda ligi kuu 2014 uwanja wa Nangwanda ulikuwa haupitiki, Namungo ya Ruangwa ilivyofika makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika msimu wa 2020/21 hata bibi huyu wa kwangu alikuwa anauliza wamefungwa au wamefunga. Lakini binti akishavua sketi ya shule michezo yake imeishia hapo. Angekuwa na timu yake wala asingehitaji jina la mtu. Hilo nalo halmashauri walitazame, ligi ya wasichana hata ya kata nne tano haihitaji uwanja wa nyasi.

Wengine watasema haya mambo ya shule ni madogo. Sio madogo. 2005 vijana wetu Serengeti Boys walishafuzu kwenda fainali za Afrika za U-17 kule Gambia, tukaondolewa kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri, safari ya watoto wote ikafa kwa ajili ya mmoja. Mtu mzima aliyezoea kudanganya umri na majina ngazi ya kata hawezi kuja kuacha ghafla akifika taifa. Na upande mwingine mwaka 2022 mabinti wetu wa U-17 walifika robo fainali ya Kombe la Dunia kule India, ina maana vipaji vya umri huo tunavyo, tunavikalisha pembeni vishike ndoo.

Ninachoomba ni kidogo na hakina gharama. Ukaguzi usifanyike asubuhi kwenye foleni ya uji. Ufanyike pembeni ya kiwanja, wachezaji wakishavaa, dakika tano kabla ya filimbi, fom zenye picha zikiwa mkononi mwa refa na kapteni wa timu pinzani naye akiziangalia. Netiboli ni watu saba kila upande, ukijumlisha na rizevu wao timu haifiki hata watu kumi na tano, unamaliza kabla jasho halijakauka. Na akibadilishwa mchezaji katikati ya mechi, anayeingia anaangaliwa vile vile. Kwa mpira wa miguu hivyo hivyo.

Pia majina na picha za timu yabandikwe kwenye ubao wa matangazo shuleni wiki moja kabla ya kuondoka. Wanafunzi wenyewe wanajuana, huwezi kubandika sura ya mgeni pale wakanyamaza. Namba ya PREM kila mtoto anayo, lakini namba haina sura, ndo maana ya mwanangu ilivaliwa kama koti.

Na ikigundulika, tafadhali msiwafungie watoto. Nimesikia mahali timu nzima ilirudishwa nyumbani usiku, mabinti wamepakiwa kwenye Fuso na sufuria zao wanalia, aliyewaleta mamluki kapanda bodaboda kaenda zake. Aulizwe mtu mzima aliyesaini ile fom.

Mwanangu bado anarusha pale kwenye mkorosho ila sio kila siku kama zamani. Juzi nilimuuliza mwakani akiitwa timu ataenda, akasema ataenda kama watamwambia mapema nani anacheza kwa jina lake. Fom za mwakani zitaanza kujazwa kabla ya mwezi wa tano, kwahiyo maafisa michezo wa Mtwara na Lindi mkiisoma barua hii muda mnao.

Jina langu kamili nimeliandika kwa ajili ya ofisi yako Mhariri, naomba lisitoke gazetini.

Mama mzazi,
Mtwara