Ami, fidla na kodiani nimezikuta huku

Ami yangu,

Shikamoo. Siku ile unanisindikiza bandarini ulinicheka kwamba nakwenda kwa watu wasiojua kutikisa hata bega. Kwa mabega sikubishii. Lakini Jumamosi iliyopita nilitoka ukumbi wa kijiji fulana imenigandama kwa jasho, na nje baridi ya kukata masikio.

Ngoma yenyewe inaitwa Cumberland Square Eight. Cumberland ndiko huku ninakoishi, kaskazini magharibi ya Uingereza. Serikali ililifuta jina hilo katika utawala mwaka 1974, ikaja kulirudisha 2023. Wachezaji muda wote huo walikuwa nalo tu. Mnasimama jozi nne kwa umbo la mraba, nyuso ndani. Jozi mbili zinazotazamana zinakwenda ubavu ubavu kwa mbio, hatua nane, zinapishana katikati na kurudi. Wa pembeni nao vilevile. Halafu wanne wanaunganisha mikono ya kulia katikati na kuzunguka kama pangaboi, kisha ya kushoto.

Baada ya hapo kinakuja kikapu, na hicho ndicho kilichonitia aibu. Wanaume wawili wanashikana mikono nyuma ya migongo ya wanawake, wanawake nao wanashika mabega ya wanaume. Mguu wa kulia unabaki ndani, wa kushoto unasukuma, kama mtoto anavyoendesha skuta. Usiku ule wanaume tulizidi, nikapangwa upande wa wanawake. Kikapu kilipochanganya, miguu yangu yote miwili ikaacha sakafu na kiatu kimoja kikaenda zake chini ya meza ya chai. Hakuna aliyesimama, Ami. Nilimaliza na soksi.

Sasa muziki. Bendi yao ni fidla, kodiani na gitaa. Nilipoiona ile kodiani nikakukumbuka wewe na mazoezi ya taarabu barazani. Ila hapa haimbi mtu. Kuna bwana anayeita hatua, na inampasa aite kabla fungu la wimbo halijaisha. Akichelewa kidogo tu, watu wanane wanagongana. Raundi mbili tatu akishaita, ananyamaza, na wimbo wenyewe ndio unaoongoza. Fungu la kwanza hupigwa mara mbili, la pili mara mbili, kila moja hatua 16. Wimbo ukipita mara mbili ni hatua 128, na raundi moja ya mchezo inafika mwisho hapohapo, mko kila mtu mahali pake. Mimi nilikuwa nahesabu kwa mdomo na kuchelewa kila mara. Bibi mmoja niliyecheza naye, umri wa nyanya, akawa ananifinya kidole kila wimbo unapogeuka. Alinifinya usiku kucha, maskini.

Mpigaji wao ameniazima kodiani kuukuu ya vitufe. Wimbo naujua kichwani, vidole vya kulia vinanisikiliza, lakini mivukuto inanishinda: kila nikigeuza upepo katikati ya fungu, sauti inakatika na hatua ya mchezaji inakatika nayo. Wewe hugeuzia wapi? Usiniandikie, nirekodie kwenye simu, polepole, mara mbili. Jumamosi ijayo wananingoja.

Mwanao