Kuingia kwenye kompyuta yako ya Lubumbashi ukiwa Kolwezi

Kompyuta yenye Sage (programu ya uhasibu) na faili zote za kazi imebaki nyumbani, Bel-Air au Katuba, na mwenyewe yuko Kolwezi wiki nzima. Wateja wengi hutuuliza kama wanaweza kuifungua kwa intaneti na kufanya kazi kana kwamba wamekaa mbele yake. Inawezekana, tena programu nyingi zinazohitajika ni za bure. Ila ushauri unaorudiwa kila mahali, wa kufungua kwenye modemu porti 3389, yaani mlango wa Bureau à distance (huduma ya Windows ya kuingia kutoka mbali), haufai hapa kwetu.

Sababu ya kwanza ni kwamba modemu ya 4G kwa kawaida haipewi anwani yake ya hadharani. Kampuni ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na Starlink ya kawaida hufanya vivyo hivyo. Hakikisha mwenyewe: fungua ukurasa wa modemu, mara nyingi 192.168.8.1 au 192.168.1.1, utafute anwani ya WAN, yaani ile ambayo modemu imepewa na kampuni. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, fungua porti unazotaka, aliye nje hatakufikia.

Sababu ya pili ni usalama. Hata mwenye anwani ya hadharani tunamwomba asiiache 3389 wazi. Kuna mashine zinazopita intaneti nzima usiku na mchana zikitafuta porti hiyo na kujaribu maneno ya siri. Mwezi wa 5 mwaka 2019 Microsoft ilitangaza kasoro ya BlueKeep, iliyomruhusu mtu kuingia kupitia huduma hiyo bila neno la siri lolote. Ilikuwa nzito kiasi kwamba hata Windows XP, iliyokuwa imeachwa miaka mitano nyuma, ilipewa kiraka (marekebisho ya kuziba kasoro). Kuhamisha porti kwenda 3390 hakukulindi, kwa kuwa mashine hizo husoma porti zote.

Tunachofunga sisi ni njia ya faragha kati ya mashine zako mbili, mara nyingi kwa programu ya Tailscale. Unaiweka kwenye kompyuta ya nyumbani na laptopu ya safari, unaingia kwa akaunti moja, na kila mashine inapata anwani yake inayoanza na 100. (Usiichanganye na ile ya WAN, zinafanana kwa sura tu.) Mashine zote mbili zinatoka nje zenyewe kutafutana, kwa hiyo huhitaji kugusa porti. Mambo mawili husahaulika. Kwenye kompyuta ya nyumbani washa «Run unattended», la sivyo njia haifunguki mpaka mtu aingie kwenye Windows. Na kwenye ukurasa wa usimamizi wa Tailscale zima muda wa ufunguo (key expiry) wa mashine hiyo, kwani usipobadilishwa huisha baada ya siku 180, na kompyuta inapotea ghafla wakati hakuna kilichoharibika.

Upande wa Windows, bonyeza Windows na R, andika winver. Ukisoma «Famille», kompyuta hiyo haiwezi kupokea Bureau à distance. Tumia RustDesk au AnyDesk, programu nyingine za kuingia kutoka mbali. Ukisoma «Professionnel», nenda Paramètres, Système, Bureau à distance, uwashe. Akaunti lazima iwe na neno la siri la kweli: PIN ya tarakimu nne unayoizoea haikubaliki kutoka mbali. Tunapendelea kuunda akaunti ya pekee yenye neno la siri la herufi 14 au zaidi, kisha kuiongeza kwenye «Utilisateurs du Bureau à distance».

Waambie pia walio nyumbani: ukiingia kwa Bureau à distance, mtoto aliyekuwa akitumia kompyuta hiyo hutolewa na skrini hujifunga. Windows hairuhusu watu wawili kwa wakati mmoja.

Kibodi nazo zinasumbua. Kompyuta nyingi za mitumba zinazoingia kupitia Kasumbalesa zina QWERTY, laptopu yako ina AZERTY, na neno la siri lenye a, q, w, z au m linakataliwa bila maelezo. Liandike kwanza kwenye nafasi ya jina, ambako herufi zinaonekana, halafu ulifute.

Kinachoangusha mpango huu kuliko yote, hata kuliko intaneti, ni umeme. Delestaji ikipita, kompyuta ya mezani huzimika, na umeme ukirudi inabaki imezimwa. Dawa iko kwenye BIOS, mipangilio ya kompyuta inayofunguliwa kabla Windows haijaanza: tafuta «After Power Loss» kwa HP na Lenovo, au «AC Recovery» kwa Dell, uweke «Power On». Laptopu nyingi hazina mpangilio huo.

Hapa pana mtego. Mpangilio huo huamka pale tu kompyuta ilipokosa umeme kabisa kisha ikaupata. Onduleri (kifaa chenye betri kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika) iliyounganishwa kwa kebo ya USB huiamuru Windows ijizime betri ikishuka. Umeme ukirudi kabla onduleri yenyewe haijakata, kompyuta haikuona mabadiliko yoyote, na italala hivyo hadi urudi. Ndiyo maana, inapowezekana, tunaongeza kwenye BIOS saa ya kujiwasha kila siku, kwa mfano saa moja asubuhi. Angalia pia kama onduleri yenyewe hujiwasha umeme ukirudi. Baadhi husubiri kidole.

Modemu nayo inahitaji betri yake. Nyingi hutumia volti 12 na wati karibu 8. Betri ya 12 V 7 Ah ina Wh 84. Tumia nusu tu ili isife mapema, unapata saa tano. Usisahau pia kuweka «veille» ya kompyuta kuwa «Jamais».

Kuhusu mwendo, inayotuma picha ni kompyuta ya nyumbani, kwa hiyo angalia kasi ya kupandisha ya nyumbani, si ya kushusha. Mbps 1 inatosha kwa Excel na Sage. Kwenye mstsc, programu ya Bureau à distance ya laptopu, fungua «Afficher les options», shusha rangi hadi biti 16, na kwenye «Expérience» ondoa picha ya nyuma. Kwa wastani wa kbps 500, saa moja hula mega 225, na zinakatwa pande zote mbili.

Jaribu kabla ya kusafiri: zima wifi kwenye laptopu, tumia mega za simu, uingie. Kisha kata umeme wa nyumba kwenye disjoncteur, acha hadi betri ya onduleri iishe, urudishe, usubiri dakika kumi, uingie tena bila kugusa kitu.

Ukituita, tutumie kwanza picha ya winver, ya kibandiko cha chini ya modemu na ya nyuma ya onduleri, na funika neno la siri la wifi lililoandikwa kwenye kibandiko. Neno la siri la akaunti utaliandika wewe mwenyewe mbele yetu. Na yeyote akikupigia simu, hata akitumia jina letu, akitaka namba ya AnyDesk, kata simu hiyo kisha utupigie wewe.