Kihamba si uwanja wa kuegesha magari

Mhariri,

Kila Desemba magazeti huandika jinsi sisi Wachaga tunavyopanda mlimani kwenda "kuhesabiwa", yaani kurudi nyumbani kwa Krismasi. Sina ugomvi na hilo. Mimi ni mke wa kitindamimba hapa Marangu, na kwa mila zetu kitindamimba ndiye anayebaki na nyumba ya baba, kwa hiyo hao wahesabiwa wote wanakula jikoni kwangu. Mtori nauweza.

Ugomvi wangu unaanza Januari, wakishashuka na kutuachia fundi. Shemeji yangu mmoja alileta fundi wake kwenye kihamba chetu, shamba la ukoo linalozunguka nyumba. Migomba ya mchare ilikatwa, mibuni ikang'olewa, mti wa mruka uliokuwa ukiipa kivuli ukaangushwa, vikapangwa vitofali vya pevingi ili magari yapate pa kulala Krismasi. Masale, mimea iliyokuwa mpaka kati yetu na jirani, yalipisha ukuta. Jani la isale ndilo tunalobeba tukienda kuomba radhi. Sijui kwa jirani tutakwenda na nini, labda tofali. Nyumba yenyewe ni nzuri, ila imefungwa mwaka mzima. Ufunguo ninao mimi, nafagia kinyesi cha popo.

Kihamba hakijiendeshi. Mgomba ukishatoa mkungu, gogo lake nalikatakata nalisha ng'ombe, samadi inarudi shinani. Kahawa inakaa chini ya migomba, magimbi kando ya mfongo, mfereji wetu wa asili wa maji. Pale penye pevingi mvua hainywei tena, maji yote yanateremka kwenye magimbi yangu na kuondoka na udongo. Mwaka 2011 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, iliutambua mfumo huu, kwa mfano wa Shimbwe Juu kule Uru, kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Sisi tunaumwagia saruji.

Wanasema kahawa hailipi. Kweli, bei imetuumiza. Lakini hao wanaosema walisomeshwa na mibuni hiyohiyo, baba mkwe akipeleka magunia chama cha msingi, enzi ambazo KNCU, ushirika wetu wa wakulima wa kahawa uliozaliwa 1933, ilikuwa na sauti.

Siwaambii warudi wote. Vihamba vimegawanywa kwa wana na wajukuu hata vingine vimebaki migomba michache na makaburi ya wazee, wangekaa wapi? Ninachoomba ni kwamba anayetaka nyumba aijenge palipokuwa na nyumba ya zamani, migomba aiache. Fedha za pevingi zitengeneze mfongo, maana siku ya kuuzibua tunajikuta wanawake na wazee watupu. Na mwenye kijana anayezurura mjini bila kazi amlete akae mwaka mzima, si wiki mbili za nyama choma. Chumba kipo, ng'ombe wapo, na mkamuaji pekee kwa sasa ni mimi, nimechoka.

Mke wa Kitindamimba,
Marangu, Kilimanjaro